Namna ya kuzizoea nahau za kitenzi "piga"

Mwanafunzi wangu mmoja ni muuguzi, na Kiswahili kwake ni lugha ya tatu. Jioni moja alikuja darasani akiwa na jambo lililomkaa kichwani tangu asubuhi. Mama mmoja wa makamo alikuwa amefika mbele yake akamwambia, "Mwanangu, jana nilipigwa hapa hapa, na leo nimekuja kupigwa tena." Mwanafunzi wangu alimtazama usoni, akamtazama mikono, akitafuta jeraha. Yule mama akapandisha mkono wa gauni hadi begani, akamgeuzia upande. Alikuwa ameandikiwa sindano tano, na hiyo ilikuwa ya pili.

Nafundisha watu wazima Kiswahili, na tangu jioni ile kozi yangu huanza na kitenzi hiki kimoja. Walimu wengine huanza na maamkizi, na si vibaya. Lakini mtu anaweza kuamkia vizuri kabisa kisha akakaa miezi haelewi kwa nini nguo hupigwa, sakafu hupigwa, kura hupigwa, na hodi hupigwa bila mlango kuguswa. Haya ninayoandika ndiyo ninayowapa wanafunzi wangu, na ningempa pia Mswahili mwenzangu anayeandika kila siku na bado husita kati ya "amepigwa" na "amepigiwa".

Mtazame aliyefuatana naye

Mgeni anapokutana na piga huwa anakijua tayari: kupiga ni kumchapa mtu. Basi kila anapokisikia anatafuta fimbo. Mimi humwambia aiache fimbo. Katika nahau nyingi piga ni mchukuzi tu. Mzigo alioubeba ndio unaosema safari inaelekea wapi. Ukisikia "amepiga", usisimame hapo kutafsiri. Ngoja nomino inayofuata, maana hiyo ndiyo yenye habari.

Kwa hiyo tafuta daftari, na usiandike neno piga ndani yake hata mara moja zaidi ya kwenye jalada. Andika nomino peke yake: pasi, deki, mswaki, hodi, picha, muhuri, makofi, magoti, mbizi, hatua, miayo, chafya, soga, chuku, debe, marufuku. Ukurasa wa kwanza utajaa ndani ya siku mbili bila wewe kutafuta. Mwanafunzi anayeandika "piga pasi, piga deki, piga mswaki" huishia kuliona neno moja lililojirudia na kusahau yale mengine. Anayeandika nomino peke yake huziona zilivyo tofauti.

Nomino zikifika thelathini hivi, zipange. Mimi huzipanga kwa kuuliza kinachofanya kazi ni nini. Kuna zile ambazo mkono na kifaa vinagusa kitu kweli: ngoma, nyundo, randa, msasa, muhuri, pasi, deki. Kuna za sauti: kelele, yowe, mluzi, mbiu, hodi. Kuna za mwili mzima: magoti, mbizi, chenga, hatua, saluti. Halafu kuna kundi ninalolipenda kuliko yote, lile ambalo hakuna kinachoguswa wala kusikika isipokuwa maneno au nia ya mtu: kupiga chuku, kupiga vijembe, kupiga soga, kupiga marufuku, kupiga moyo konde.

Ukizitazama zikiwa zimepangana hivyo utaona kwamba ndani ya piga mna mpigo. Kitu kinakuja kwa mkupuo, kwa nguvu, au kwa kurudiarudia. Chafya hutoka mara moja. Hatua hutua ardhini. Kitambaa cha deki huenda na kurudi. Hata tunaposema mambo mawili yamefanyika "kwa mpigo", tunaitumia maana hiyo hiyo. Usilazimishe, hata hivyo. Kuna nomino zitakazokataa kuingia katika maelezo haya, na wazee wengi wa pwani hawapigi chafya wala miayo kamwe; wao huenda chafya, huenda miayo. Nahau ni mazoea ya watu kabla ya kuwa hoja.

Pale nomino inapokuwa na historia yake, itafute, kwa sababu ukishaijua hutaisahau tena. Chukua simu. Neno lenyewe lilitoka katika Kiajemi, na huko maana yake ni waya. Kebo ya chini ya bahari ilifika Zanzibar mwaka 1879, miaka mingi kabla watu wa kawaida hawajazungumza kwa waya. Karani wa simu alikaa akigonga vitufe kwa vidole, herufi baada ya herufi, mpaka ujumbe uishe. Kidole kilikuwa kinapiga kwelikweli. Leo kidole kinateleza juu ya kioo, na kitenzi ni kile kile.

Chuku nayo ni pembe ya kuumikia, ile ya kufyonzea damu mwilini. Sehemu iliyoumikwa huvimba, na anayepiga chuku katika mazungumzo huyavimbisha maneno. Konde ni ngumi. Anayepiga moyo konde anakaza moyo kama mtu anayekunja vidole. Si shamba, ingawa konde ni shamba pia, na nimewahi kusahihisha insha nzima iliyojengwa juu ya shamba hilo. Debe ni lile la bati, la mafuta au la kupimia nafaka. Ukiligonga linasikika mbali, na ndiyo maana wanaoita abiria stendi ni wapiga debe, na anayemsifu mgombea mbele ya watu anampigia debe.

Kisha angalia mkia

Hapa ndipo panapowashinda wengi, hata waliozaliwa katika lugha. Nomino ikishakupa maana, mwisho wa kitenzi ndio unaosema nani amefanywa nini. Nitakaa hapa kwa muda.

Linganisha simu na picha. Tunasema "nilimpigia mama simu" lakini "nilimpiga mama picha". Ukisema "nilimpiga mama simu", anayesikia ataiona simu ikiruka hewani kumfuata mama wa watu. Ukisema "nilimpigia mama picha", umesema kweli, ila umesema jambo jingine: kwamba picha ilipigwa kwa ajili ya mama, na huenda yeye hayumo ndani yake.

Njia ninayotumia ni kuuliza: tendo linamtua mtu huyo mwilini, au linaelekezwa kwake? Likimtua, tumia -mpiga. Picha humtua, maana sura yake ndiyo inayochukuliwa. Busu, teke, kumbo, chenga na sindano humtua. Faini humtua pia. Likielekezwa kwake au likifanywa kwa faida yake, tumia -mpigia. Simu huelekezwa. Kura huelekezwa, na magoti, na makofi, na saluti, na mluzi, na debe. Mwambie mtu akusomee nomino kutoka daftari lako, wewe ujibu tu "piga" au "pigia". Dakika tano kila siku zinatosha, na wiki ya pili mdomo wako utajibu kabla ya akili.

Fundi wa picha anaweza kukufundisha haya yote kwa sentensi mbili. "Alinipiga picha" maana yake mimi ndiye niliyesimama mbele ya kamera. "Alinipigia picha" maana yake mimi ndiye niliyemwomba kazi, na pengine aliyesimama ni mwanangu. Ukiweza kusikia tofauti hiyo bila kufikiri, umeshavuka mto.

Mkia huo huo wa -ia una kazi nyingine isiyo na mtu ndani yake: hutaja kifaa na mahali. Meza ya kupigia pasi. Kitambaa cha kupigia deki. Kituo cha kupigia kura. Mwanafunzi anayesema "meza ya kupiga pasi" ataeleweka, lakini meza haipigi pasi. Mtu ndiye anayepigia pasi juu yake. Ni herufi moja tu, na ndiyo inayomtofautisha anayejua na anayebahatisha.

Sasa kauli ya kutendwa. Swali ni lile lile: nani anakaa mbele ya sentensi? Nguo zimepigwa pasi, sakafu imepigwa deki, mtuhumiwa amepigwa faini. Lakini mimi nimepigiwa simu, mgombea amepigiwa kura, mkuu wa kikosi amepigiwa saluti. Kura zenyewe zikikaa mbele, zimepigwa: "kura zilizopigwa". Mwandishi wa habari anayeandika "mgombea alipigwa kura" amemtendea mgombea jambo ambalo wapiga kura hawakulikusudia. Na usiusahau msemo mmoja mzuri sana uliokaa katika kauli hii: mtu wa kupigiwa mfano. Huyo ni yule ambaye watu wakitaka kueleza wema humtaja yeye.

Marufuku inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu baada ya nomino hiyo bado kuna kitu cha kutajwa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania ikafanya hivyo mwaka 2019. Tazama mpangilio: piga, marufuku, halafu kinachokatazwa. Ukigeuza: mifuko imepigwa marufuku. Wengi huongeza "kwa" bila sababu, wakaandika "imepiga marufuku kwa mifuko". Ondoa hiyo "kwa". Sentensi itasimama yenyewe.

Na kuna kundi dogo linalotaka "na". Mtu hupigwa na butwaa, hupigwa na bumbuwazi, hupigwa na radi, hupigwa na jua. Hapa kinachopiga ndicho kinachotajwa mwisho. Butwaa ndiyo inayompiga yeye, kama vile radi. Ukiandika "alipiga butwaa" umemfanya mtendaji mtu ambaye wakati huo hana uwezo wa kutenda lolote.

Vita nimeviweka mwisho kwa makusudi. "Kupiga vita" ni kupinga jambo: tunapiga vita rushwa, tunapiga vita malaria. "Kupigana vita" ni kwenda vitani kwa silaha: watu wa kusini mwa Tanganyika walipigana vita vya Maji Maji kuanzia mwaka 1905 hadi 1907. Na "kupigania" ni kutaja unachokitaka mwisho wa mapambano: walipigania uhuru, anapigania haki yake. Silabi moja inabadilika, na pamoja nayo anabadilika adui, silaha na lengo. Nikiwa na saa moja tu ya kumfundisha mtu kuhusu piga, ningeitumia yote kwenye sentensi hizi tatu.

Jaribu kuichomoa nomino

Nahau nyingine zimelegea, nyingine zimegandamana. Unahitaji kujua ipi ni ipi kabla ya kuanza kuzipamba. Jaribio lake ni rahisi: chomoa nomino uiweke mbele. "Nilipiga picha" inakubali: "picha niliyopiga". "Tumepiga hatua" inakubali, hata na sifa yake: "hatua kubwa tuliyopiga". "Nimepiga kura" inakubali pia. Sasa jaribu "alipiga moyo konde". "Konde alilopiga" — nahau imekufa papo hapo, imebaki ngumi. Jaribu "nimepiga deki". "Deki niliyopiga" haisemwi na mtu yeyote ninayemjua.

Ikikubali kuchomolewa, unaweza kuipa sifa na idadi: picha tatu nzuri, hatua kubwa, kelele nyingi. Ikikataa, iache kama ulivyoipokea. Usiseme alipiga moyo konde kubwa. Kama unataka kuongeza nguvu, iongeze nje ya nahau: "akapiga moyo konde kweli".

Pasi ni mfano unaonipa kazi kila mwaka. "Pasi niliyopiga" inakubalika kabisa, ila ghafla hatuko tena kwenye chumba cha nguo. Tuko uwanjani, na mpira umekwenda kwa mwenzangu. Nguo hazikubali kuchomolewa, mpira unakubali. Maneno mawili tofauti yamevaa sura moja, na jaribio hili huyatenganisha.

Nomino inapomezwa

Narudi kwa yule mama na sindano zake. Alichofanya ni kitu ambacho sisi sote hufanya kutwa nzima: aliimeza nomino kwa kuwa mahali pale kila mtu aliijua. Tunaagana na rafiki na kumwambia "nipigie", na hakuna anayeuliza nini. Siku ya uchaguzi jirani anauliza "umeshapiga?" na hazungumzii pasi. Mlangoni mwa darasa la muziki swali hilo hilo lingehusu gitaa.

Kwa mgeni hapa ndipo penye giza, na sina kanuni ya kumpa zaidi ya kuangalia alipo na kuuliza bila aibu. Muuguzi wangu sasa anauliza "Umepigwa nini, mama?" kwa sauti ya upole, na anajibiwa. Katika kazi yake swali hilo lina uzito, kwa sababu siku nyingine jibu litakuwa si sindano, na aliye mbele yake atakuwa amepigwa kweli na mtu wa nyumbani mwake. Kwa hiyo namsisitizia asikisie upande wowote.

Mitaani nomino imemezwa mpaka kitenzi kikaota maana mpya. Tanzania mtu akisema "nimepigwa" huku akitikisa kichwa, mara nyingi ametapeliwa. Mpigaji ni yule anayekula fedha za umma, na upigaji ndiyo kazi yake. Kupiga chini ni kuacha au kukataa. Kupiga mzigo ni kufanya kazi kwa bidii. Na kupigwa kalamu, ambako kwenyewe kumeingia hata magazetini, ni kuachishwa kazi: jina lako linapitishiwa mstari. Jifunze haya yote uyaelewe. Kuyatumia ni jambo jingine. Mwanafunzi wangu akiniandikia barua ya maombi ya kazi yenye "nimezoea kupiga mzigo", namrudishia. Akiniambia hivyo tukiwa kwenye benchi nje ya darasa, nafurahi.

Usimwite kila mara

Piga ni mkarimu kupita kiasi, na mwandishi mvivu humtwisha kila kitu. Nikihariri huwa nahesabu. Zikizidi tatu katika aya moja, natafuta mahali pa kumpumzisha. Saini naitia, siipigi. Rangi naipaka. Breki naifunga. Anayepiga kelele anaweza kupayuka, na anayepiga soga anaweza kuongea tu. Lakini usimwondoe pale alipo na haki yake kwa kudhani kwamba neno refu ni bora. "Aliwasiliana nami kwa njia ya simu" haizidi "alinipigia simu" kwa lolote isipokuwa urefu.

Kwa zoezi la nyumbani, hakuna kitabu kinachoshinda mtangazaji wa mpira redioni. Washa redio, chukua dakika kumi za kipindi cha kwanza, na uandike nomino tu pamoja na mkia uliousikia: chenga, -mpiga; pasi, -mpigia; kona, -pigwa; kichwa, -piga. Mtangazaji hana muda wa kufikiri sarufi, na kwa sababu hiyo hiyo mdomo wake ndio mwalimu mzuri. Mpira ukienda mapumziko, soma orodha yako kwa sauti ukizirudishia sentensi kamili. Palipo na shaka weka alama ya kuuliza pembeni, kisha sikiliza kipindi cha pili ukiwinda hiyo moja tu.